Kidole kinatoka lini? Jibu kwa mpiga besi wa Igoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya vijana kanisani kwetu Igoma, hapa Mwanza. Nimeshusha mtandaoni karatasi za namba za nyimbo alizopiga James Jamerson na za rumba kadhaa, nikazifanyia mazoezi mpaka sikosei noti hata moja. Lakini kiongozi wetu anasema besi yangu imekauka, haina uhai. Sasa nataka nijifunze kuwaandika wakubwa mwenyewe, kwa sikio. Noti za mistari mitano sijui kusoma. Nianzie wapi, na nianze na nani? Na je, ni lazima ninunue gitaa jingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nililisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeketi nje kwangu Kirumba, saa nne usiku, na ukumbi mmoja wa mbali ulikuwa ukipiga muziki. Mwimbaji sikumsikia. Solo sikuisikia. Kilichonifikia ni besi tu, ikija juu ya maji, na kwa hiyo besi peke yake nikautambua wimbo. Ilinibidi nijiulize nimeutambuaje, maana kwa umbali ule noti zilikuwa zimeshachanganyika, huwezi kusema hii ni so au hii ni la. Nilichokitambua ni mahali sauti ilipoanza na mahali ilipokoma.

Kiongozi wako amekuambia kweli, na kosa si la vidole vyako. Karatasi ya namba inakuambia kidole kiende wapi: uzi wa tatu, freti ya tano, yaani kile chuma cha tano shingoni mwa gitaa. Haikuambii kitoke lini. Na kwenye besi, kutoka ni nusu ya kazi. Noti ile ile ukiishika pigo zima, wimbo unatembea; ukiikata katikati ya pigo, wimbo unaruka. Anayekopi namba tu anapata nusu ya kwanza, na nusu ya pili anaiacha kwenye rekodi.

Tumchukue huyo huyo Jamerson uliyemtaja. Alizaliwa 1936 katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, akahamia Detroit akiwa kijana, na huko shuleni akajifunza besi kubwa ya kusimama, ile ya mbao isiyo na freti. Alipoingia studio za Motown, kampuni ya rekodi ya huko Detroit, na kushika gitaa la besi la umeme, mazoea ya besi ile hakuyaacha. Mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada; kidole hicho kilipewa jina, kikaitwa ndoano. Nyuzi zake zilikuwa nene, zimezungushiwa utepe laini wa chuma badala ya waya wa mviringo, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Chini ya kifuniko cha daraja la gitaa kulikuwa na sponji iliyogusa nyuzi. Ukiviweka vitu hivyo pamoja, nyuzi kuukuu, sponji na kidole kimoja, unapata sauti yenye kichwa kinene na mkia mfupi. Inasema "dum", haisemi "duuum". Ndiyo sababu aliweza kupiga noti nyingi kiasi kile bila kumkanyaga mwimbaji: kila noti ilikuwa imeshaondoka kabla nyingine haijafika.

Sasa wewe umezichukua noti zile zile, ukazipiga kwa nyuzi mpya zinazolia kama kengele, ukaziacha zote zining'inie. Noti ni za Jamerson, lakini mwili wake haumo. Hapo ndipo ukavu unapotokea.

Kwa hiyo unapoandika, jambo la kuwinda ni urefu wa kila sauti na urefu wa kila ukimya. Na katika hili nina habari njema kwako. Mistari mitano huijui, lakini umekulia kwenye kwaya, tonik-solfa unayo. Wengi wanaidharau wakidhani ni ya nyimbo za kanisani tu. Mimi nimeandika besi kwa solfa kwa miaka zaidi ya 30, na sijaona maandishi yanayofaa zaidi kwa mtu wa kwetu aliyefundishwa sauti ya nne akiwa mtoto.

Unakumbuka jinsi inavyoandikwa. Nukta mbili zinatenganisha mapigo. Nukta moja inaligawa pigo katikati, mkato unaligawa robo. Kistari maana yake endelea kushika. Na nafasi ikiachwa tupu, nyamaza. Angalia sasa kipimo hiki cha mapigo manne:

| d : – : s : – |

na hiki:

| d :   : s :   |

Kwenye karatasi yako ya namba vipimo hivi viwili vinaweza kuandikwa sawasawa kabisa. Kwenye solfa ni vitu viwili tofauti, na masikioni ni nyimbo mbili tofauti: cha kwanza kinalala, cha pili kinapiga hatua. Kila unapotaka kuweka kistari au kuacha nafasi tupu, solfa inakulazimisha uulize: je, pale alikuwa bado ameshika, au alikuwa ameachia? Swali hilo moja, ukiuliza mara mia kwenye wimbo mmoja, litakubadilisha kuliko mwaka mzima wa kufuata namba.

Kwa noti za katikati tumia fe, ta na ma kama mlivyozoea, na utazihitaji sana kwa Jamerson, kwa sababu anapotoka kordi moja kwenda nyingine anapenda kupitia ngazi hizo za nusu toni. Oktavu ya chini weka alama yake chini ya herufi. Juu ya ukurasa andika do ni ipi. Basi, huhitaji zaidi.

Namna ya kufanya. Siku ya kwanza gitaa liache kwenye mfuko wake. Sikiliza wimbo ukitembea, ukioga, ukiwa kwenye daladala, mpaka uweze kuimba besi yake kwa mdomo, kuanzia mwanzo hadi kibwagizo cha kwanza, bila rekodi. Kwa koo lako, kwa "dum" na "du" na "pa", vyovyote. Kama koo halijui, vidole vitakuwa vinabahatisha. Vijana wengi huniambia hatua hii wameipita haraka, na ukiwaomba waimbe unakuta wanaimba solo.

Kisha tafuta do ya rekodi. Hapa nikueleze kilichonipata. Mwaka 1988 nilikuwa najifunza kwa radio-kaseti ya mjomba wangu. Nilikaa juma zima na wimbo mmoja wa dansi, nikaumeza wote, nikaenda nao mazoezini kwenye bendi niliyokuwa naomba nafasi. Walipoanza kupiga, mimi nilikuwa nusu toni chini yao. Betri zilikuwa zimechoka, kaseti ilikuwa inazunguka polepole, na mimi nilikuwa nimefunga gitaa langu kulifuata kaseti. Nafasi sikuipata. Leo hutumii betri, lakini tatizo bado lipo: rekodi nyingi za zamani za bendi zetu, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye mikanda, zimekufikia baada ya kupita kaseti hadi kaseti, na huenda do yake imekaa kati ya funguo mbili. Usilaumu sikio lako. Rekebisha rekodi kwa programu kwanza, ilingane na gitaa, ndipo uandike.

Programu yenyewe ni Audacity, haina malipo. Inapunguza mwendo bila kushusha sauti, na inapandisha sauti bila kubadili mwendo. Hilo la pili ndilo la thamani kwa mpiga besi. Uzi wako mnene, E, ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, unatikisika karibu mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo. Unachosikia ni sauti zake za juu, ya mara 82, ya mara 123 na kuendelea, na ubongo unakujazia ile ya chini isiyokuwepo. Ndiyo maana ukikopi kwa spika ya simu utakosea oktavu, tena utakosea ukiwa na uhakika. Vaa visikizi vizuri. Bado hujasikia? Pandisha wimbo wote nusu toni 12. Besi itaruka oktavu moja, ikae mahali ambapo sikio la binadamu linaona vizuri. Ukishaandika, irudishe chini.

Mwendo punguza mpaka robo tatu, usishuke sana. Ukifika nusu, mdundo unavunjika na huwezi tena kujua kama mpigaji amewahi au amechelewa kidogo, na kuwahi na kuchelewa ni sehemu ya lugha yake.

Ukianza kuandika, andika mdundo kwanza bila noti yoyote. Sikiliza kiki, ile ngoma kubwa ya mguu kwenye drams, kisha andika besi inapopiga pamoja nayo na inapoiacha. Kama umewahi kusimama karibu na wacheza bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe, unajua hili hata kama hujalitamka: ngoma kubwa haijibu kila pigo, na watu wanainua jembe kwa kufuata nafasi anazoacha mpigaji. Jaza vipimo vinne tu vya mdundo huo, kisha weka noti, kisha vistari na nafasi tupu. Vipimo vinne vilivyo sahihi ni bora kuliko wimbo mzima wa kukisia.

Namba za freti ziandike mwisho kabisa. Kumbuka noti moja inapatikana mahali pengi: G ya uzi mwembamba ukiwa wazi ni sawa na freti ya 5 ya uzi wa D, ya 10 ya uzi wa A, na ya 15 ya uzi wa E. Ni noti moja, lakini rangi ni nne. Uzi wazi unalia kwa uhuru na ni mgumu kuukata; uzi mnene mbali kwenye shingo una sauti ya mviringo, kama mtu anayesema kwa kifua. Jamerson anatumia sana nyuzi wazi katikati ya mapito yake, tabia nyingine aliyotoka nayo kwenye besi ya kusimama. Karatasi ulizoshusha huenda zimemweka mbali na nyuzi hizo kwa sababu aliyeziandika aliona ni rahisi kwa vidole vyake yeye. Hapo ndipo sikio lako lina haki ya kuisahihisha karatasi.

Sasa, uanze na nani. Naona umeanza na Jamerson mwenye noti nyingi. Rudi nyuma. Chukua "My Girl" ya The Temptations, ya 1964. Besi inaanza peke yake, kwa do na so ya chini, noti mbili tu, halafu gitaa linapanda juu yake: do, re, mi, so, la, do. Andika mwanzo huo. Utaona ndani ya dakika tano noti umezimaliza, na utakaa saa nzima ukijiuliza kila do inakaa muda gani. Saa hiyo ndiyo somo.

Kisha nenda kwa Aston Barrett wa The Wailers, aliyefariki Februari 2024. Gitaa lake la kwanza la besi alilitengeneza kwa mikono yake. Reggae unaisikia kila siku mjini, lakini hujawahi kuihesabu. Ihesabu. Kwenye mdundo ambao drams inaangukia pigo la tatu, utakuta mara nyingi pigo la kwanza, lile ambalo kanisani tunafundishwa kulipiga kwa nguvu, yeye hayupo. Kaliacha wazi. Noti zake utaziimba kama wimbo kamili bila mwimbaji, na bado ukurasa wako utakuwa na nafasi tupu kuliko maandishi.

Wa tatu usimtafute mbali. Hii pwani yetu ya ziwa ina besi yake, nayo ni benga. D. O. Misiani alizaliwa Shirati, huku huku Mara, mwaka 1940, akavuka mpaka, na jina la Shirati akalibeba kwenye bendi yake mpaka alipofariki Kisumu mwaka 2006. Benga ilichukua mwendo wa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo, ikauweka kwenye magitaa. Sikiliza besi humo: iko mbele, inatembea bila kupumzika, na inajibizana na solo kama watu wawili wanaogombea neno. Kwa Barrett umejifunza kunyamaza. Kwenye benga jifunze kusema sana kwa noti fupi. Nakuahidi kiongozi wako wa kwaya atasikia tofauti ukirudi na benga mkononi, kwa sababu nyimbo nyingi za kwaya zetu zinazochezeka zina mwendo wa jamaa na huo.

Rumba ya Kongo na dansi letu nimeziweka baadaye, na si kwa kuzidharau, ndizo zilizonilea. Ni kwamba besi yake ina mtego. Kwa kuwa rumba ilikula sana santuri za Kuba, besi mara nyingi hufika kwenye kordi mpya kabla kordi yenyewe haijafika. Inaangukia pigo la nne na kumvuta kila mtu. Mwandishi mgeni husikia noti hiyo akaisogeza mbele, kwenye pigo la kwanza, akidhani anaisafisha. Akishaisafisha, rumba imekufa. Andika ilipo. Na ikifika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, kordi zikibaki tatu zinazozunguka, sikiliza jinsi mpigaji anavyoanza kuvunja ule mwendo aliokuwa ameushika kwenye beti. Hapo ndipo utamjua ni nani.

Kumjua ni nani ni jambo linaloniuma kidogo, na nitalisema. Jamerson alipiga kwenye nyimbo zilizoizunguka dunia miaka yote ya 60, na jina lake halikuwa likichapwa kwenye santuri. Lilichapwa mwaka 1971, kwenye jalada la "What's Going On" ya Marvin Gaye. Alifariki 1983 akiwa na miaka 47, na mwaka 1989 mpiga gitaa Allan Slutsky akatoa kitabu chenye maisha yake na besi zake zikiwa zimeandikwa noti kwa noti. Watu walishangaa walipoona kwenye karatasi kile walichokuwa wamekicheza miaka 20 bila kukiona. Sisi huku tuna kaseti na kaseti za bendi za Sikinde, Msondo, Maquis na nyinginezo, na kila mtu anawajua waimbaji. Muulize mtu jina la mpiga besi. Ukiandika besi ya wimbo mmoja wa zamani, tafuta pia jina la aliyeipiga. Waulize wazee waliokuwa wakienda dansini, wapo hai wengi hapa mjini. Liandike juu ya ukurasa, pale pale unapoandika do.

Ukishapita hapo, "What's Going On" yenyewe itakuwa inakungoja, na utakuwa tayari nayo. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, mwache kwanza. Ni mkubwa mno, na rekodi yake ya 1976 ndiyo iliyomvuta Richard Bona wa Kamerun kwenye besi. Lakini anayeanza na Jaco hukopi mbio zake, na mbio si kitu unachokosa wewe.

Tahadhari moja. Si kila unachosikia kimetoka vidoleni. Kile kipande cha besi cha Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, 1986, kimewatesa wengi. Nusu ya kwanza ameipiga; nusu ya pili ni ile ile, imegeuzwa na mkanda ukachezwa kinyumenyume. Ukikwama saa tatu kwenye sekunde mbili za muziki, inuka, kunywa maji, uulize.

Kuhusu gitaa jingine: hapana, usinunue. Usinunue hata nyuzi. Hizo mpya zilizomo sasa ziache zizeeke. Nenda kwa fundi wa makochi yeyote pale Igoma, mwombe kipande cha sponji ya godoro cha upana wa vidole viwili, kirefu kiasi cha kupita chini ya nyuzi zote nne. Kichomeke karibu kabisa na daraja, kiguse nyuzi bila kuzisukuma juu. Zima toni ya gitaa, toni yote. Weka kidole kimoja cha shahada, vingine vikunje. Sasa piga do na so ya chini, polepole, mbele ya simu yako ikirekodi, kisha cheza rekodi yako na ile ya 1964 moja baada ya nyingine. Ukiwa na vipimo vinne ulivyoviandika kwa solfa, vipige picha unitumie, nami nitakuandikia ninapoona kistari mahali palipotakiwa kuwa patupu.